Mistari Mitatu ya Maelezo

Mwalimu Dulmaa,
fomu yako imefika, imekunjwa ndani ya mfuko wa chumvi,
mkononi mwa dereva wa lori la makaa.
Inauliza: kwa nini Zolboo, miaka sita na nusu,
hakuhudhuria siku kumi na saba?
Umeniachia mistari mitatu.

Wa kwanza: theluji.

Wa pili: theluji ilipokoma ikaja barafu juu yake,
ngumu kama kigae, na mbuzi wakaikwangua
hadi kwato zikatoa damu.

Wa tatu umekwisha kabla sijaanza.
Nageuza karatasi.

Sheria naijua. Nimeisikia redioni,
nimeisoma ukutani pale ofisi ya wilaya:
kila mtoto, kila siku, la sivyo faini.
Haina ubaya. Inaongea vizuri,
kama mgeni aliyeshiba.
Lakini sheria hulala mjini, penye bomba la joto;
haijapata kuingia usiku
katika bweni la vitanda arobaini
ikamkuta mtoto amelala na soksi mbichi miguuni
kwa kuhofu kwamba akizivua zitaibwa.

Mwaka jana nilijaribu njia yenu.
Nilihamia hapo, nikapiga hema nyuma ya duka la mafuta,
nikampikia, nikamngoja langoni.
Mume wangu akabaki na mifugo peke yake.
Kufika Februari alikuwa akizungumza na mbwa,
na mbwa, anasema, ndiye aliyechoka kwanza.
Tulipoteza kondoo tisini na wawili.
Hao niwaandike mstari wa ngapi?

Usiniambie elimu ni bahari.
Huku bahari hatujaiona.

Na hapa ndipo kalamu inaponisuta.
Gombosuren, mume wangu, aliachia darasa la tatu
mwaka ule ushirika ulipovunjwa
na kila nyumba ikagawiwa mifugo yake.
Mikono ilitakiwa. Hakuna aliyemlazimisha.
Hakuna aliyemtafuta, hata kwa fomu.
Leo anaitambua tufani kwa harufu ya manyoya ya ngamia,
lakini majira ya kuchipua yaliyopita
aliwadunga wanakondoo dawa ya kuogeshea,
kwa kuwa chupa zote mbili zilikuwa na kifuniko cha bluu.
Siku ile hatuizungumzii.
Chupa bado ipo, tupu. Akinywa chai huipa mgongo.

Mimi nililazimishwa.
Nililia majuma sita, nikatoroka mara mbili,
mara mbili nikarudishwa nyuma ya pikipiki ya polisi.
Nilimchukia mwalimu wa zamu ile,
naye ndiye aliyenishika kidole
nikaandika herufi hii, na hii.
Mkono unaobishana nawe, Dulmaa,
mliufundisha ninyi.

Basi nijibu nini? Fomu inataka tiki.
Siombi Zolboo aachiwe hiari;
hiari ya mtoto wa miaka sita ni kulala na mwanambuzi.
Naomba lazima nayo iote miguu,
ipande huku siku moja, ikae hadi Machi,
ibebe ubao wake, inywe chai yetu ya chumvi,
ndipo iniulize kwa nini.
Au mngojeeni afike minane.
Au wekeni mtu bwenini wa kukausha soksi.
Sijui. Ningejua, mistari mitatu ingetosha.

Barabara itafunguka Jumanne; dereva anasema labda.
Nitamleta. Nimeshona jina lake ndani ya kila soksi.
Yeye bado hajui kulisoma.

Lakini zile siku kumi na saba
usiandike hakuwepo.
Alikuwepo. Alihesabu mizoga pamoja nami,
akafika thelathini na tisa, akakwama,
akaniangalia, akauliza inafuata ngapi.
Nikamwambia.
Mizoga ilikuwa bado.